Pumba za Tembo na Samaki wa Birikani

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majiko yenye moshi, Tembo alijenga birika la mawe uani kwake akalijaza maji ya bahari. Mwingine asingeiweza kazi ile. Kila asubuhi alishuka ufukoni akavuta maji kwa mkonga, fyuuu! Akapanda nayo hadi uani akayamwaga birikani, bwaaa!

Humo alifuga samaki sita wa mwambani, vitatange, wa manjano wenye mistari ya buluu. Kazi ya kuwalisha alimpa Sange. Sange mnamjua? Ni kijinyama kidogo kama ngumi, mwepesi wa miguu, mwenye pua ndefu isiyotulia. Kwa ajili ya pua hiyo Tembo alimwita ndugu yake. Undugu wenyewe ulikuwa wa mdomoni tu, maana Tembo alilala ndani na Sange alilala nyuma ya jiko.

"Wape pumba," Tembo alisema. "Asubuhi pumba, jioni pumba. Mimi nimekula pumba tangu utotoni. Hebu nitazame!"

Sange akamtazama, akaenda kuchota pumba.

Basi samaki wakala pumba. Mwezi wa kwanza wakala, wa pili wakalalamika, wa tatu wakaanza kupauka. Manjano yakawa kama maji ya mchele, mapezi yakachanikachanika. Kitatange mkubwa, ambaye wenzake walimwita Bibi, akalala chini ya birika asitake hata kugeuka.

Sange akainama ukingoni. "Bibi, mbona huli?"

"Mwanangu, nimechoka na pumba," Bibi Kitatange akasema. "Kwetu mwambani tulianza siku kwa kuguguna mwani. Jua likipanda tukadonoa sifongo. Maji yakijaa yalituletea vidudu vitamu vya kila namna, na siku za bahati, kamba! Nilidhani ndivyo maisha yalivyo kila mahali. Sikujua kuwa ile ilikuwa raha."

Sange alijisikia vibaya moyoni. Yeye naye alikuwa mbali na kwao.

Siku hiyohiyo Tembo akaja uani, tifu, tifu, tifu, ameongozana na Fisi Maji, jirani yake mla samaki. Fisi Maji alichungulia birikani huku akijilamba masharubu.

"Samaki gani hawa weupe kama majivu?" Tembo akafoka. "Wananitia aibu! Zimebaki siku kumi na nne tufike bamvua, siku ya maji makubwa. Rangi zao zikirudi, watakaa kwangu maisha yao yote. Zisiporudi, Fisi Maji, ni wako."

"Ahsante sana, Mzee. Mimi nitawapokea hata wakiwa weupe," Fisi Maji akasema.

Sange akashtuka. "Mzee, tumwombe jirani yetu Bi Kasa mwani kidogo tu."

"Niombe? Mimi Tembo nibishe hodi kwa Kasa na bakuli mkononi? Marufuku! Chakula cha kuomba kisiingie birikani mwangu!"

Jioni Sange akakaa nyuma ya jiko akiwaza, na mawazo yakampeleka kwa marehemu bibi yake. Ah, mtaa ule! Alasiri ikifika, watoto walipishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa. Huyu anapeleka, yule anarudisha, na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Nyumba ikirudisha sahani tupu ilisemwa mwaka mzima. Sange alikumbuka harufu ya kila nyumba, na machozi yakamtoka. Hapa kwa Tembo kila mtu alikula peke yake, mlango umefungwa.

Ghafla pua yake ikasimama. "Kumbe!" akasema. "Kumbe siombi!"

Kulipokucha, Tembo akashuka kuchota maji. Sange akatwaa pumba za samaki, akazitwanga, tu-tu-tu, akazichekecha, akazikanda kwa tui la nazi na sukari, akazimimina kikaangoni, chwaaa! Ikatoka mikate laini inayonukia. Akajitwika sahani na kawa lake, mbio hadi kwa Bi Kasa.

"Hodi!"

"Karibu. Nani? Sikuoni."

"Niko chini hapa kizingitini, Bi Kasa. Shikamoo. Ni Sange wa kwa Mzee Tembo. Nimekuletea sahani."

Bi Kasa akafunua kawa, akainusa mikate. Macho yake, ambayo siku zote yana maji, yakazidi kulowa.

"Sahani!" akasema. "Mara ya mwisho kuletewa sahani, mama yangu alikuwa hai. Alaa! Unakwenda wapi? Urudi na sahani tupu uniaibishe? Ngoja hapo!"

Akarudi na mwani mbichi, mwekundu na wa kijani, umefurika mpaka kawa halifungi.

Kesho yake Sange akaenda kwa jirani mwingine, Nyani, naye akabandua chaza mwambani, kok! kok! akamjazia. Siku ya tatu, bila haya, akabisha kwa Fisi Maji.

Fisi Maji akala mikate yote akasimama mlangoni. "Mitamu. Chukua sahani yako, kwaheri."

"Ahsante, Bwana. Nikifika nitamwambia Bi Kasa kwamba nyumba ya Fisi Maji inarudisha sahani tupu."

"Ebo! Tupu? Nani kasema tupu?" Akaingia ndani mbio, akatoka na kamba. "Na umwambie ni wakubwa!"

Kila sahani iliporudi, Sange alikikatakata kilichomo vipande vidogo kama kucha za mtoto, akawapa samaki kidogo kidogo. Leo mwani, kesho chaza, keshokutwa kamba, kisha mwani tena. Siku ya tano Bibi Kitatange akainuka. Siku ya tisa manjano yakarudi. Na mtaani, jamani, milango ikaanza kufunguliwa! Nyani anampelekea Kasa, Kasa anampelekea Fisi Maji, sahani zinapishana kama zamani.

Siku ya bamvua majirani wakakusanyika uani, Fisi Maji tu hajafika. Samaki waling'aa mpaka maji yakaonekana ya dhahabu.

"Mnaona nguvu za pumba?" Tembo akajigamba. Akarusha konzi nzima ya pumba birikani. Samaki wote sita wakampa mgongo.

Wakati huo Fisi Maji aliingia na sahani mkononi, maana asubuhi alikuwa ameletewa mikate na hakutaka kusemwa. Alipofunua kawa ukingoni mwa birika, chubwi! chubwi! chubwi! Samaki wakaruka, Bibi Kitatange akadaka kamba hewani.

"Lo! Kamba wangu!" Fisi Maji akalia. "Masikini mimi! Siku zote hizi nawanenepesha mwenyewe, na sasa siwapati!"

Nyani akaangua kicheko hadi akaanguka. Tembo hakucheka. Masikio yakamsimama.

"Sange! Nilikataza chakula cha kuomba!"

Sange akasimama palepale. "Sikuomba, Mzee. Nilipeleka. Pumba zako zilitoka mlango huu zikiwa mikate, zikarudi zikiwa mwani, chaza na kamba."

Tembo akawatazama samaki, akamtazama Bi Kasa, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga ua wake miaka yote hiyo. Akashusha mkonga.

"Samaki wanabaki," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo kabisa: "Na hiyo mikate, ndugu yangu, mtaa mzima umekula. Mimi je?"

Basi, wanangu, anayefuga awape anaowafuga vyakula wanavyovihitaji wao, si kile kimoja anachokipenda yeye.