Siku Kiboko Alipochagua Wachezaji Wote

Paukwa.
Pakawa.
Mpira naurusha.
Urushe, tudake.
Ukiwapita?
Tutaukimbilia.
Mkiudaka?
Ni wetu sote.

Haya, kaeni vizuri. Tunu, wewe usilale. Hadithi hii ina mahali ambapo hata mimi hupotea, na nitahitaji mtu wa kunishika mkono.

Hapo zamani Kiboko alikuwa mnyama wa nchi kavu. Msicheke. Alikaa bondeni chini ya mkuyu mkubwa, na chini ya mkuyu huo palikuwa na chemchemi. Kiangazi kikija, bonde zima lilikauka isipokuwa hapo. Mwenye mkuyu alikuwa na kivuli, alikuwa na makuyu, alikuwa na maji. Asiye na mkuyu alilamba umande.

Nani akae na mkuyu? Wanyama hawakupigana. Walicheza besiboli.

Ndiyo, besiboli. Gongo lilikuwa la mpingo, na mpira ulikuwa tonga bichi, lile tunda la mtonga, gumu kama jiwe. Mmoja anarusha, mwingine anagonga, paa. Aliyegonga anakimbia kuzunguka mawe manne. Akirudi salama kwenye jiwe la nyumbani, amepata. Tonga likidakwa hewani, ametoka. Basi, mchezo wenyewe ndio huo.

Pande zilikuwa mbili na manahodha walikuwa wawili. Upande ulioshinda ulikaa na mkuyu kiangazi kizima. Na upande ulioshindwa? Nahodha wake ndiye aliyebeba aibu. Alihamia mtoni, kwa mamba, mpaka mvua inyeshe.

Nahodha wa kwanza alikuwa Kiboko. Nahodha wa pili alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana mkia, anakaa kwenye majabali. Msimu uliopita Pimbi alishindwa. Akahamia mtoni, akalala na jicho moja, akaoga kwa kuchungulia. Aliporudi nyumbani, watoto wake walimkimbia wakidhani ni mgeni.

Sasa msimu mpya ulikuwa unakaribia, na mkewe alikuwa amejifungua tena. Bi Pimbi akamwambia, "Baba watoto, mwaka huu sitaki zawadi ya mtoni. Usiende tu."

"Sitakwenda."

"Utafanyaje?"

"Sijui."

Tena hakujua kweli. Maana kabla ya kila msimu kulikuwa na siku ya kuchagua wachezaji, na siku hiyo ilikuwa na desturi yake. Nahodha aliyeshinda msimu uliopita ndiye aliyeanza. Alichagua, akachagua, akachagua, mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake, "Nimeshiba." Akishasema, nahodha wa pili alichagua katika waliobaki. Manahodha wa zamani walikuwa na haya. Walichagua wa kutosha, wakasema, "Nimeshiba," wakakaa. Kiboko hakuwa na haya. Kiboko alikuwa na tumbo.

Lakini alikuwa na shida moja. Wakati wenzake wakijifua uwanjani, yeye alikuwa amelala chini ya mkuyu akila. Alijua ladha ya kila tawi, hakujua mbio za mtu yeyote. Siku ya kuchagua ilipofika, wanyama walijipanga kwenye majani, Mzee Kobe mwamuzi akakaa kwenye jiwe la nyumbani, na Kiboko akawatazama wote kama mtu anayetazama sokoni matunda yaliyofunikwa.

Akaita, "Pimbi, kijana usiye na mkia."

"Naam, bwana mkubwa."

"Wewe unakaa juu ya jabali. Umewaona wote wakijifua. Nipimie. Nani atang'aa msimu huu, nani atazima?"

"Bwana mkubwa, mimi ni mshindani wako."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Rafiki zangu walikuwa wanakula na mimi, hawakuona kitu."

Pimbi akafikiri. Akasema moyoni: nitawaponda wazuri, nitawasifu wabovu. Kiboko atachukua wabovu, mimi nitabaki na wazuri. Rahisi.

"Haya," akasema Kiboko. "Tembo."

Tembo, mnamjua, alikuwa mgongaji wa kuogopwa. Akigonga, paa, tonga lilikwenda kuanguka ng'ambo ya kilima, na wenye kilima walikuja kulalamika.

Pimbi akatikisa kichwa. "Tembo? Maskini. Amenenepa, goti linamlilia, na kila akigonga anavunja gongo. Mwache apumzike."

Kiboko akajikuna kichwa. Krr, krr, krr.

"Anampaka matope ili abaki naye," akasema. "Namchukua."

Tembo akavuka, akasimama upande wa Kiboko.

"Konokono."

Uso wa Pimbi ukachangamka. "Huyo ndiye nyota. Tangu azaliwe hajatolewa hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Muulize mwenyewe. Aligonga msimu uliopita, akaanza kukimbia, na mpaka leo hakuna aliyemtoa. Bado yuko njiani kuelekea jiwe la kwanza."

Krr, krr, krr.

"Anasifiwa," akasema Kiboko. "Anayesifiwa mpaka na mshindani wake ni hatari. Namchukua."

Konokono akaanza kuvuka. Tukimaliza hadithi mtazame kama amefika.

Pimbi akahesabu. Alimponda mzuri, akachukuliwa. Alimsifu mbovu, akachukuliwa. Akageuka nyuma, mkewe alikuwa amekaa na watoto mgongoni.

"Mama watoto, nimechanganyikiwa."

"Sema kweli basi," akasema Bi Pimbi. "Kweli hajawahi kuisikia, itampa usingizi."

"Duma," akaita Kiboko.

Pimbi akasema kweli. "Duma ana mbio kuliko upepo. Fyuu, jiwe la kwanza. Fyuu, la pili. Fyuu, la tatu. Ila hajui kusimama. Akifika nyumbani hupitiliza mpaka bonde la pili, na tunamngoja mpaka chakula kinapoa."

"Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli tupu."

Krr, krr, krr.

"Mshindani akisema kweli, ameificha ndani yake uongo. Namchukua."

"Nyani."

Pimbi akajaribu nusu kweli na nusu uongo. "Mkono wa Nyani ni wa ajabu. Akirusha, tonga hulioni, unalisikia tu, vuu. Lakini kabla ya kurusha huliuma, aone kama limeiva."

"Mimi?" akasema Nyani. "Niliuma mara moja tu, na lilikuwa limeiva."

Krr, krr, krr. "Anayebishaniwa ana thamani. Namchukua."

"Nungunungu."

Hapa Pimbi akasogea mbele. Nungunungu alikuwa mdakaji ambaye hakuna mfano wake. Hakuhitaji mikono. Tonga likija kwa kasi, alijikunja tu, chwa, likanasa kwenye miiba. Pimbi alimtaka sana. Asimponde, asimsifu, aseme nini?

"Sijui," akasema Pimbi.

"Hujui?"

"Sijui, bwana mkubwa. Siku aliyojifua nilikuwa nimefumba macho."

Kiboko akatabasamu. "Anayesema hajui, anajua. Namchukua."

Tunu anauliza: sasa Pimbi alikuwa anataka nini? Swali zuri, mwanangu. Pimbi naye alikuwa anajiuliza hilo hilo. Akisifu, Kiboko anachukua kwa sababu ya sifa. Akiponda, Kiboko anachukua kwa sababu ya kupondwa. Akisema kweli, anachukua. Akisema hajui, anachukua mara mbili.

Na Kiboko naye alikuwa amechanganyikiwa zaidi. Kichwa kilikuwa kimechubuka kwa kukunwa. Hakujua tena nani amesifiwa na nani amepondwa. Alijua jambo moja tu: akisema "Nimeshiba", atakayebaki huenda ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote. Akachukua Kanga. Akachukua Panya. Akachukua Mbuni, ambaye alikuja kutazama tu. Kila mara alifungua kinywa, akasema, "Nime...", halafu akaona mtu mwingine amesimama.

"Nime... na yule nani?"

"Kicheche, bwana mkubwa. Ananuka."

"Namchukua."

Mwishowe majani yakawa matupu. Huku Kiboko na umati mzima wa wanyama, kule Pimbi peke yake. Kiboko akafungua kinywa, kikubwa kama mlango wa ghala. "Nime..."

Pimbi akakitazama kile kinywa kilichokwama. Na hapo, katikati ya kuchanganyikiwa kwake kote, akaona njia.

Akakohoa. Akainama. Akasema, "Bwana mkubwa, sema tu umeshiba. Amebaki mmoja, na huyo sikushauri hata kidogo. Mfupi. Hana mkia. Ana watoto wachanga, halali vizuri. Tena msimu uliopita alishindwa."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Kiboko akafunga kinywa. Krr.

"Sasa nikikuacha, wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na mimi."

Krr, krr.

"Na hao wote niliowachukua, huwataki?"

"Niliye naye ananitosha."

Krr, krr, krr. Kiboko akajikuna mpaka sikio likalala. Mtu aliyeachiwa kitu kimoja, akasema kinamtosha, kitu hicho lazima ni kizuri kupita vyote.

"Nakuchukua," akasema.

Pimbi akavuka taratibu, kichwa chini, akasimama nyuma ya Tembo. Bi Pimbi akamnong'oneza, "Baba watoto, unajua unachofanya?"

"Kidogo," akasema Pimbi. "Nisukume nikianza kucheka."

Mzee Kobe akanyoosha shingo. "Nahodha, umemchukua nahodha mwenzio. Utacheza na nani?"

"Mzee Kobe," akasema Kiboko, "wewe unaijua sheria?"

"Naijua."

"Basi na wewe nakuchukua."

Siku ya mchezo ikafika. Upande wa Kiboko ukaingia uwanjani. Wakangoja upande wa pili. Upande wa pili haukuja, maana haukuwepo. Jua likapanda.

"Twende tukawatafute," akasema Duma. Fyuu, akaenda, akarudi. "Hawapo. Nimewatafuta mpaka bonde la pili."

"Sisi tucheze tu," akasema Pimbi kwa sauti ndogo. "Nahodha, wagawe. Nusu warushe, nusu wagonge. Wote si wako?"

"Wote wangu," akasema Kiboko kwa fahari, akawagawa.

Nyani wa Kiboko akaliuma tonga, akalirusha, vuu. Tembo wa Kiboko akaligonga, paa. Tonga likapaa, likashuka. Nungunungu wa Kiboko akajikunja. Chwa.

Mzee Kobe akainua mguu. "Mgongaji ametoka."

Kiboko akashangilia. Halafu akaacha. "Mgongaji ni wa nani?"

"Wako."

"Basi nimepoteza."

"Umepoteza."

"Mdakaji ni wa nani?"

"Wako."

"Basi nimepata."

"Umepata."

Kiboko akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akalia kwa upande wa pili. Wakaendelea. Kanga akigonga, Kiboko alipiga makofi. Panya akimtoa Kanga, Kiboko alipiga makofi huku akijilaumu. Alimzomea Mbuni, akamtetea Mbuni. Jua lilipoanza kushuka, hakuna aliyejua anacheza upande gani, isipokuwa Konokono, ambaye alikuwa bado anavuka kutoka siku ya kuchagua.

Mzee Kobe akapanda jiwe la nyumbani, akakohoa.

"Upande mmoja umeushinda upande mwingine," akasema.

"Upi ulioshinda?" akauliza Kiboko.

"Wa Kiboko."

Wanyama wakarukaruka.

"Na ulioshindwa?"

"Wa Kiboko."

Wanyama wakatulia.

"Desturi mnaijua," akasema Mzee Kobe. "Mkuyu ni wa upande ulioshinda, na upande wenyewe ni nyinyi nyote. Nendeni mkale. Mtoni anakwenda nahodha wa upande ulioshindwa."

Kiboko akageuka haraka. "Pimbi, wewe si ulikuwa nahodha?"

"Nilikuwa, bwana mkubwa," akasema Pimbi. "Ukanichukua."

Krr. Krr. Krr. Kiboko akajikuna, akajikuna, akajikuna. "Lakini mimi nimeshinda."

"Umeshinda sana," akasema Mzee Kobe. "Hongera. Mto uko kule."

Kiboko akatazama huku na huku atafute wa kumtetea. Wote walikuwa wachezaji wake, na wote walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea mkuyu. Tembo tu ndiye aliyebaki. Akamwekea nahodha wake paji la uso mgongoni, kwa heshima zote. "Twende, nahodha. Nitakusindikiza. Goti haliniumi tena."

Chubwi.

Kiangazi kile Pimbi alilala kwenye kivuli na watoto wake, na watoto wakajifunza sura ya baba yao. Mvua ziliponyesha, Kiboko hakutoka mtoni. Aliona haya, na tena alikuwa bado anatafuta alipokosea. Mpaka leo yuko huko. Ukipita ukamwona amefungua kinywa wazi kabisa, usikimbie kabla hujamwangalia. Anataka kusema lile neno. Anafika kwenye "Nime...", anakuona wewe umesimama ukingoni, anaanza kukupima. Hapo sasa kimbia.

Hadithi yangu imezunguka mawe yote manne, imerudi nyumbani. Ikiwagonga vizuri, sifa zenu. Ikiwapita hewani, mlaumuni Mzee Kobe.

Na funzo je? Funzo liko wazi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kiboko hakuchagua jembe, alichukua majembe yote. Kwa hiyo Kiboko ndiye mkulima bora, na ninyi wanangu mfuateni. Chakula kikija, chukueni chote, na msiseme mmeshiba.

Tunu, rudisha sahani hiyo. Hadithi ni hadithi, na ndugu zako hawajala.