Lesi ya Mwatumu na Miiba ya Bibi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, basi, na mikono itulie.

Hapo zamani za kale, Bibi Nungunungu alikuwa fundi wa lesi. Binti aitwaye Mwatumu alimwendea ajifunze, kwani dada yake alikuwa anaolewa Ijumaa na Mwatumu alitaka kumtilia pindo la lesi kwenye mtandio wake.

Bibi alimpa mto mgumu wa nyasi na vijiti vinane vilivyozungushiwa uzi. Kisha akang'oa miiba mgongoni mwake.

"Pishanisha nyuzi, sokota, chomeka mwiba kwenye mto uzishike. Ukisonga mbele, ng'oa miiba ya nyuma unirudishie, niipachike tena mgongoni."

Mwatumu akaanza. Pishanisha, sokota, chomeka. Pishanisha, sokota, chomeka. Pishanisha, sokota, chomeka.

"Bibi, nipe mingine."

"Na ile ya nyuma?"

"Nikiing'oa, lesi itafumuka."

Bibi akampa. Fisi akachungulia uani, akaona mgongo umejaa miiba, akaenda zake.

Siku ya pili: "Bibi, nipe mingine."

"Na ile ya nyuma?"

"Itafumuka, Bibi! Naogopa."

Bibi akampa. Fisi akachungulia, akaona mgongo una mapengo, akaketi kidogo.

Siku ya tatu: "Bibi, nipe mingine."

Bibi akampa miiba miwili ya mwisho. Fisi akaingia bila hodi.

"Shikamoo, Bibi! Nani kakunyoa? Au ni wewe unayeolewa?"

"Marahaba. Kwenu hawajapika?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mwatumu akatazama lesi, akamtazama Bibi. Akashika mwiba wa kwanza kabisa, akafumba macho, akang'oa. Akafumbua jicho moja. Lesi ilikuwa pale pale, kila tundu mahali pake.

Akang'oa mmoja, akang'oa kumi, akang'oa konzi nzima, akaipachika mgongoni mwa Bibi upesi upesi. Fisi aliporuka, alitua kwa pua.

"Mama wee!" Akakimbia bila kuaga.

Mwatumu akamgeukia Bibi. "Bibi, ulijua haitafumuka. Mbona hukung'oa miiba mwenyewe?"

"Ningeing'oa mimi, ungejua tu kwamba mimi siogopi."

Ijumaa dada alijifunika mtandio wake. Kwenye pindo palikuwa na tundu moja lililokaa upande, pale ile miiba miwili ya mwisho ilipong'olewa kabla nyuzi hazijashika. Mwatumu aliliona, akaliacha.

Uzi wangu umekwisha, vijiti vimelala. Hadithi nayo imeishia hapo.