Harusi Isiyo na Moshi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nani?
— Na wewe msemaji, na sisi wasikiaji.
Kuna aliyebaki nje?
— Hakuna.
Basi vuteni mlango. Hadithi hii siisimulii mlango ukiwa wazi.

Hapo kale, katika kijiji cha Kwamsanja, palikuwa na binti aliyeitwa Kidawa. Kidawa na ngoma, ngoma na Kidawa. Alipiga akienda kisimani, alipiga akichunga mbuzi, alipiga hata usingizini, vidole vikicheza kwenye mkeka. Lakini shughulini hakuitwa. Watu walisema, "Nani amlipe mtoto wa kike apige ngoma?" Naye maneno yale yalimchoma, akayameza.

Asubuhi moja akaja mama mgeni, kajitanda kaniki mpya.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama."

"Wewe ndiye Kidawa mpiga ngoma?"

Mpiga ngoma! Tangu azaliwe hakuna aliyemwita hivyo. Moyo ukamruka.

"Ndiye mimi."

"Nina harusi leo, nyuma ya kilima. Kishika mkono hiki hapa." Akamtia bangili ya fedha mkononi. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Sasa, mpiga ngoma akiitwa huuliza mambo matatu. Harusi ya nani? Mwali ni binti wa nani? Nani alipiga kabla yangu? Kidawa aliuliza?
— Hakuuliza!
Hakuuliza hata moja. Alibeba ngoma akafuata, mbio mbio. Na sheria mnaijua: ukishapokea kishika, hutui ngoma mpaka mwenye shughuli aseme, "Itue." Wewe mwenye muhogo, tafuna polepole, nasimulia.

Walifika jua likiwa utosini. Watu wamejaa uwanjani, kimya. Kidawa akavuta pumzi, hakusikia harufu ya moshi. Harusi gani hii haina moshi? Wali umepakuliwa, umepoa kabisa. Akajisemea, labda wamepika mapema. Mwenye shida ya kazi hakosi sababu.

Kando ameketi mzee, viganja vimefungwa matambara.

"Huyu nani, mama?"

"Mpiga ngoma wetu wa zamani. Mikono imemwisha."

Kidawa akapiga. Watu wakaingia kucheza. Wakacheza, vumbi halikupanda. Wakakanyaga, ardhi haikulia. Wakafungua vinywa wapige vigelegele, sauti haikutoka. Pale uwanjani palikuwa na ngoma yake tu, na pumzi yake mwenyewe.

Akapiga mpaka viganja vikauma. "Mama, niitue?"

"Bado. Mwali hajatoka."

Akapiga mpaka mabega yakauma. "Mama, niitue?"

"Bado. Mwali hajatoka."

Akapiga mpaka vidole vikachanika. "Mama, niitue?"

"Bado. Mwali hajatoka."

Akainua macho. Jua liko pale pale utosini.

Yule mzee akanong'ona, uso kauinamisha chini. "Mjukuu wangu, mwali hayupo. Mimi ni Feruzi, wa Kwamsanja. Niliitwa nije kupiga siku moja. Mke wangu nilimwacha na mimba yetu ya kwanza."

"Lini, babu?"

"Sijui. Hapa jua halichwi. Ukienda wewe, ngoma nitarudishiwa mimi, nami sina mikono tena."

Kidawa akaelewa yuko kwa nani. Hawa ni wafu, na yeye atawapigia milele. Akamlilia mama yake, akamlilia na huyu mzee. Machozi yakadondoka kwenye ngozi ya ngoma, ngoma ikaguna. Akaipiga tena, ikaguna tena. Hapo ndipo akili ilipomjia.

"Nina kiu," akasema. Wakamletea maji kwenye kata. Hakuyanywa. Aliyamwaga yote juu ya ngozi, akapiga. Pwa! Pwa! Pwa! Wachezaji wakasimama pale walipo.

"Mama, ngozi imelegea. Niletee moto niikaushe."

"Piga hivyo hivyo," mama akasema.

"Kwenye ngoma, mwenye shughuli ndiye mwenye kuni. Si ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria."

"Basi moto uko wapi?"

Mama akatazama huku, akatazama kule. Wafu wana wali, wana maji, wana nguo. Moto hawana, hata kaa moja.

"Hatuna," akasema.

"Basi nitaufuata kwetu."

"Ngoma iache hapa."

"Nikiiacha, nitakausha nini?"

"Mwache mzee, basi."

"Kaa la moto halifiki bila mpulizaji. Mimi nitabeba, yeye atapuliza."

"Na utarudi?"

"Moto ukikubali kuja, mama, utauona."

Kidawa akamshika mzee mkono, wakaondoka. Hatua zile hazikuwa za kukimbia, maana anayekimbia hufuatwa. Nyuma yao kimya. Walipofika mgongoni mwa kilima, Kidawa akaivua bangili, akaitupa ilikotoka. Ilianguka juu ya mawe, isitoe mlio. Hapo wakakimbia.

Kwamsanja ilikuwa jioni. Kidawa alikuwa ametafutwa siku tatu. Mama yake akamkumbatia, wakalia wote wawili. Feruzi akasimama katikati ya njia, hajui aende wapi. Nyumba yake haipo. Akamuulizia mkewe kwa jina, vijana hawakumjua.

Akaja ajuza mmoja na mkongojo wake, mgongo umepinda, mdomoni meno mawili. Alikuwa amesikia jina la mama yake likitajwa.

"Shikamoo, mama," Feruzi akasema, maana alimwona mkubwa kuliko yeye.

"Usiniamkie," ajuza akajibu. "Mimi ndiye mimba uliyoiacha. Nimekuzidi uzee, baba. Mama alikungoja, akangoja, akafa akingoja. Nami nimekuwa na hasira na wewe maisha yangu yote."

"Niliitwa kupiga siku moja tu, mwanangu."

"Najua sasa. Njoo ukae."

Akamkalisha barazani, akamlaza kichwa mapajani mwake. Jua lilikuwa linashuka. Feruzi hakulipepesea jicho. Alilitazama mpaka likazama lote. "Limekuchwa," akasema. Akafumba macho, na hakuamka tena. Yule ajuza alikaa naye hivyo hivyo, akimpapasa mikono, mpaka kulipopambazuka.

Basi nanyi mkiitwa kwenye kazi, ulizeni ni ya nani kabla ya kupokea kishika. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Hadithi yangu nimeitua.
— Umeitua, tumeipokea.
Aliyeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda aiache hapa, nitalala nayo mimi.