Kanga na Mbegu za Boga la Mama Yake

Paukwa!

Pakawa!

Enzi zile ndege walipolima na wanyama wakalima, alikuwapo Kanga mmoja, mama wa vifaranga sita. Marehemu mama yake alimwachia mbegu za boga. Boga lenyewe dogo, la manjano, tamu kama asali. Nchi nzima ile hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Mwaka huo Kanga akavuna. Akala na wanawe, wakashiba. Wakabakiza moja la mbegu. Akalipasua, akazitoa mbegu, zikateleza telezi, telezi. Nako kwa Kwale, ndege mwenzake, kulikuwa na harusi, ngoma inalia: ti-ti-ndi, ti-ti-ndi. Kanga akafanya haraka. Akazitia mtungini zingali mbichi, akaziba mdomo kwa udongo.

Jirani yake Kuchakulo, kindi wa ardhini, akamwona. Akamweleza kwamba mbegu huanikwa kivulini siku nyingi, hugeuzwa na kugeuzwa, hata ukipinda moja ikatike: ka! Ndipo uzichanganye na majivu, uziweke pakavu. Kisha akamwomba.

"Shoga, nigawie konzi moja ya mbegu nikuwekee. Zako zikiharibika, zangu zipo."

Kanga akamtazama. Urithi wake ukalale kwa jirani?

"Mbegu za mama yangu hazitoki nyumbani," akasema, akaenda zake harusini.

Jua likawaka miezi minne. Kisha mvua: chwaa, chwaa, chwaa. Kanga akachimba mashimo, akauleta mtungi, akabandua udongo. Harufu ikampiga. Mbegu zimeshikamana, zimeota ukungu. Akachambua moja moja, akapata kumi zenye sura ya uzima. Akazipanda. Akangoja siku saba. Akangoja kumi na nne. Akafukua: uozo mtupu.

Akaenda kwa Kuchakulo, macho chini. Kuchakulo hakumsuta. Akampimia kunde kutoka kibuyuni mwake. Kanga akazipokea, lakini akakawia mlangoni.

"Laiti ningekupa ile konzi, shoga."

"Ndiyo, shoga. Ningekuwa nazo hapa."

Kunde zikaota, watoto wakala. Lakini boga lile halikuonekana tena duniani. Vifaranga wakakua, ladha yake wakaisahau. Kanga peke yake ndiye aliyeikumbuka, na hakuwa na la kuwaonyesha.

Basi wasikizaji wangu, wakubwa kwa wadogo: kausha mbegu kabla hujaifungia, na mgawie jirani. Anayeficha peke yake hupoteza kwa wote.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokomea.