Mkoko Ulivyopata Miguu Mingi

Kulikuwa na wakati ambapo mkoko haukuwako duniani. Pwani yote ya Mwambakuu ilikuwa matope matupu, bahari ikija na kurudi bila kugusa jani. Miti iliyoonekana kutoka majini ilikuwa mivinje tu, kichaka kimoja kando ya mlango wa kuingilia bandarini, na kila nahodha aliijua. Ukiiacha mkono wa kuume na kupita karibu nayo, una maji marefu chini yako mpaka bandarini. Ukiikosa, unalo fungu la matope lililojificha chini ya maji, na fungu la matope likishika haliachi.

Zama hizo aliishi mjane aliyeitwa Bi Somoe. Mumewe alichukuliwa na bahari, wanawe wawili wakachukuliwa na ndui, akabaki na mwanawe wa tatu, Famau, peke yake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema Mwenyezi Mungu ametoa, ametwaa, na amebakisha, na kubakishiwa nako ni kupewa.

Mwaka mmoja ikaja merikebu ya vita. Mbao zake zilipigiliwa misumari ya chuma, na mizinga ilichungulia kumi ubavu huu na kumi ubavu ule. Watu wa Mwambakuu walikuwa na mitepe mitatu, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, vyenye matanga ya mkeka, na hawakuwa na mzinga hata mmoja. Siku tatu merikebu ilizunguka nje ya mlango ikingoja upepo mwema. Rubani wake alikuwa mtu wa pwani hiyohiyo, aliyewageuka wenzake, na kazi yake ilikuwa kutukana.

"Enyi wenye makapu!" alipiga kelele. "Kapu lenu halijaloa bado?"

Nahodha Shekuwe, mkuu wa mitepe, akaweka viganja mdomoni. "Kapu huelea, bwana! Muombe Mungu wewe uliyepanda misumari!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Merikebu ikishaingia bandarini, mji ungekuwa majivu kabla ya adhuhuri.

Baada ya sala ya alfajiri Shekuwe akasimama mbele ya wanaume, akanena nao polepole. "Mwenye nguvu asipigwe pale nguvu zake zinapotazama. Mizinga yake iko mbavuni. Mbele ana mmoja mdogo, nyuma hana kitu. Na tumbo lake linataka maji ya kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Tutamnyima maji."

Giza likingalipo, adui asione, wakaikata mivinje yote ya mlangoni, mikubwa wakaificha, midogo wakaibeba hadi kwenye fungu la matope. Vijana arobaini wakachaguliwa wasimame pale kwa safu, maji mapajani, kila mmoja amekumbatia mti wake, ili rubani aone kichaka pahali pasipo kichaka. Shekuwe akawaambia, "Mti hautembei. Msitikisike. Kazi ikiisha nitakuja mwenyewe niwaite."

Famau alikuwa mmoja wao. Mama yake alimkaza kikoi kiunoni kama alivyomfanyia utotoni, akamwambia, "Sikiliza, baba. Usiwe wa kwanza kutoka. Nisije nikaambiwa mtoto wa mjane ndiye aliyevunja safu."

"Mama, hata nzi akinitua puani?"

"Hata nzi."

Akacheka, akaenda. Bi Somoe hakujua kuwa asubuhi ile, katika kila mlango, mama alikuwa akisema maneno hayohayo.

Maji makuu ya bamvua yalipoanza kupwa, yakabaki mapajani mwa vijana, Shekuwe akatoka peke yake na mtepe mmoja. Nyuma yake alifunga majamvi yaliyolowana, yakaburutwa majini, chombo kikaonekana kimechoka. Merikebu ikamwona mnyonge huyo, ikafungua matanga yote, ikamfuata. Rubani akaitafuta mivinje, akaiona, akaiweka mkono wa kuume. Mtepe ukapita juu ya fungu kama jani. Merikebu ikapita nusu, ikasimama. Waliokuwa ufukweni hawakusikia mshindo wowote. Kilisikika kitu kama mtu anayevuta pumzi ndefu, basi.

Maji yakazidi kutoka. Merikebu ikalala ubavu, mizinga kumi ikitazama matope na kumi ikitazama mbingu. Ile mitepe miwili iliyokuwa imejificha ikaizunguka kwa nyuma, kusikokuwa na kitu, na kabla ya alasiri adui wakatupa silaha zao. Lakini mzinga mdogo wa mbele ulikuwa umelia mara moja tu, na mara hiyo moja ulimpata Shekuwe.

Mji ukatoka wote ufukweni, huku wakishangilia na huku wakilia. Maiti ya nahodha ikapitishwa mabegani. Na kule kwenye fungu, vijana arobaini walikuwa bado wamesimama na miti yao, macho baharini.

"Tazama wanetu," alisema Bi Mize, jirani yake Bi Somoe. "Hawatikisiki."

"Hawatikisiki," akaitikia Bi Somoe.

Kisha maji yakaanza kurudi. Kina mama wakasimama kwa safu mchangani, wakiwatazama waliosimama kwa safu matopeni. Kila mtu alijua kuwa aliyetakiwa kuwaita hawezi tena kuita. Sauti yoyote ingetosha. Bi Somoe akafungua kinywa, akamtazama Bi Mize, akakifunga. Bi Mize akamtazama yeye. Hakuna aliyetaka mwanawe awe wa kwanza. Hapakuwa na ndege wala upepo, ila mivinje ile iliyokatwa ilivuma mikononi mwa vijana, kama ingali na mizizi.

Maji yakafika viunoni. Yakafika vifuani. Yalipowafika shingoni, Bi Somoe akaacha aibu yake mchangani, akaingia majini na nguo zake, akaita, "Famau! Famau mwanangu, toka!"

Famau akageuza kichwa. Alikuwa amesikia. Akainua mguu mmoja kuja pwani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaurudisha. Wenzake nao wakainua, wakarudisha. Safu nzima ikawa inainua mguu na kuurudisha, bila neno, bila kunyanyua macho, na matope yakizidi kuwashika kwa kila hatua ambayo hawakuipiga. Mama zao wote wakawa wanaita sasa. Bahari ikawapita juu.

Maji yalipotoka, hapakuwa na maiti ya kuosha wala ya kuswalia. Palikuwa na miti arobaini ambayo hakuna aliyejua jina lake. Haikuwa mivinje. Kila mmoja ulisimama juu ya miguu mingi iliyopinda, mingine ikielekea pwani, mingine ikielekea bahari. Bi Somoe akaushika ule uliosimama pahali pa mwanawe, akaukwaruza kwa ukucha. Ndani ya gamba ulikuwa mwekundu. Akasema, "Inna lillahi," akaketi matopeni.

Na tangu siku hiyo mkoko husimama majini kwa miguu mingi, ukishika matope ya pwani yetu, na chombo kikubwa hakithubutu kuusogelea. Mbegu yake haikubali kuanguka ikiwa mbegu. Huota ikingali imemng'ang'ania mama yake, mpaka imekuwa mche mrefu, ndipo humwachia. Na mkata boriti za mkoko wa Mwambakuu, kabla hajainua shoka, huita jina moja la kiume kwa sauti kubwa, lolote limjialo, kisha huweka shoka chini na kungoja kidogo. Hajatoka mtu bado. Lakini huita.