Nguru wa Bi Mwatime na Ufunguo wa Stoo

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana friji zilikuwa zimeshaingia mjini na watu walikuwa wameshaanza kugombania plagi, aliishi mama mmoja wa pwani jina lake Bi Mwatime. Alikuwa na mgahawa. Mgahawa ulikuwa na stoo, stoo ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikaa kwenye mfuko wa gauni la Bi Mwatime. Mwenye ufunguo ndiye aliyeamua nini kinunuliwe, nini kipikwe na nini kitupwe.

Mwaka huo magoti ya Bi Mwatime yalichoka. Siku ya kwanza ya Ramadhani akawaita wapishi wake watatu.

"Wanangu, mimi basi. Siku moja kabla ya Idi, ufunguo huu nampa mmoja wenu. Nitampa yule atakayewalinda wateja wangu wasidhurike."

Wa kwanza alikuwa Mwajabu, aliyesoma chuo, mtu wa wasiwasi. Aliandika tarehe juu ya kila kifuniko. Ndani ya friza la jikoni alikuwa na kikombe cha barafu, na juu ya barafu aliweka sarafu.

"Sarafu ikiwa juu, friza halikuzimika," aliwaeleza. "Ikizama, jueni barafu iliyeyuka ikaganda tena, na samaki wamekaa kwenye joto."

"Mwajabu anafuga sarafu!" wenzake wakasema. "Imeshataga?"

Wa pili alikuwa Mbwana, bingwa wa kukaanga, mwenye kofia nyeupe kuliko zote mtaani na tasbihi isiyotoka mkononi. Wa tatu alikuwa Tatu, mkuna nazi na mwosha vyombo, mwepesi wa mdomo na mwepesi zaidi wa mikono.

Siku ya kumi na tisa ya mfungo, Bwana Shebe aliagiza futari ya watu themanini: nguru wa nazi. Asubuhi Mwajabu akafungua friza. Nguru walikuwa wagumu kama mawe. Barafu ya kikombe ilikuwa ngumu kama jiwe. Sarafu ilikuwa chini kabisa.

"Mama, sarafu imezama."

Bi Mwatime akanusa samaki. "Mbona hanuki?"

"Nguru anaweza kuharibika bila kunuka, mama."

"Juzi ulitaka kumwaga maziwa kwa sababu kifuniko kilikaa upande."

Wote wakacheka, na Tatu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mwajabu akarudi kwenye vifuniko vyake. Mbwana akabandika karai, akakaanga. Tatu akakuna nazi. Hakuna aliyeonekana akionja, kwa kuwa ulikuwa mchana wa Ramadhani.

Jua likazama. Wageni wakaketi, wakanawa mikono. Adhana ilikuwa karibu kabisa, na mikono themanini ikielekea kwenye sinia, Mbwana alipotoka jikoni mbio.

"Msile!"

"Kwa nini?"

"Nimekula."

Mikono ikarudi mapajani.

"Umekula lini?" akauliza Bi Mwatime.

"Adhuhuri. Nyuma ya magunia ya mkaa. Kipande kimoja." Akashika kofia yake. "Viwili. Uso ukawaka moto, mwili ukawasha, nikatapika."

"Kumbe kobe!" bibi mmoja akapiga kelele, maana ndivyo wanavyoitwa wanaokula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. "Na kofia yote hiyo!"

Bi Mwatime alizitazama sinia, akawatazama wageni. "Rudisheni yote sufuriani, tuichemshe upya."

"Sumu ya nguru haiondoki kwa moto, mama," akasema Mwajabu. "Hata tukichemsha mpaka kesho."

"Nimesema washeni jiko!"

Sinia zilipokwisha kumiminwa sufuriani, Tatu alibeba beseni la maji aliyooshea vyombo, povu na yote, akalimimina ndani ya sufuria.

"Haya," akasema. "Chemsheni."

Wageni walifuturu kwa tende, uji na mihogo. Walinung'unika, lakini walirudi kwao wazima.

Ikafika siku moja kabla ya Idi. Bi Mwatime akawaita wote watatu.

Mwajabu akasema, "Ufunguo ni wangu. Mimi nilijua wa kwanza. Nilijua bila kuonja, bila kuumwa."

Bi Mwatime akautoa ufunguo mfukoni.

"Ngoja, mama," akasema Tatu. "Mama yake Mwajabu naye alikuwa amealikwa kwenye futari ile. Muulize kwa nini hakuja."

Mwajabu akainama. "Nilimpigia simu. Nilimwambia afuturu nyumbani."

"Sisi ulituambia mara ngapi?"

"Mara moja. Mlinicheka, nikaona haya."

"Na mama yako?"

"Mara tatu."

Bi Mwatime akaurudisha ufunguo mfukoni.

Mbwana akasema, "Ufunguo ni wangu. Nyie mna maneno, mimi nina tumbo. Bila tumbo langu, sarafu ingebaki kichekesho. Nimejivunjia heshima mbele ya watu themanini. Watoto wa mtaa wananiletea majani!"

Bi Mwatime akautoa ufunguo mfukoni.

"Kaka Mbwana," akasema Mwajabu, "uliumwa adhuhuri, ukasema magharibi. Hapo katikati ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba iwe ni siafu tu walioniuma."

"Na samaki?"

"Niliendelea kukaanga."

Bi Mwatime akaurudisha ufunguo mfukoni.

Tatu akasema, "Ufunguo ni wangu. Hawa walisema, mimi nilimwaga. Bila beseni langu, mama mwenyewe angewapakulia."

Bi Mwatime akakohoa, kisha akautoa ufunguo mfukoni.

"Mimi nina swali dogo," akasema Mbwana. "Umeme haukukatika siku zile. Feni yangu ilizunguka kila usiku mpaka daku. Friza lilizimikaje?"

Tatu akakunja upindo wa kanga, akaukunjua.

"Nilichomoa waya wa friza jioni ya siku ya kumi na saba, nikapiga pasi gauni langu la Idi. Nikasahau. Nilikuja kuuchomeka kesho yake jioni."

"Kwa hiyo sarafu ilipozama ulijua!"

"Nilijua. Na huo ufunguo niliutaka. Ndiyo maana nilicheka sana."

Bi Mwatime hakuurudisha ufunguo mfukoni. Aliuweka juu ya meza, akatoka nje, akakaa kibarazani na magoti yake.

Na kesho ni Idi. Bwana Shebe ameagiza pilau ya watu mia na hamsini. Mchele umo stoo, na stoo imefungwa. Nyama imo ndani ya friza, na tangu asubuhi wote watatu wameshakwenda kuichungulia sarafu, kila mmoja peke yake, akidhani wenzake hawamwoni.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msijibu upesi, na msijibu kama mahakimu. Jibuni kama watu walioalikwa kwenye pilau hiyo, pamoja na watoto wenu. Je, ufunguo alistahili nani?