Mmea Ambao Bibi Namkunda Hakuujua

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Hebu itikeni kama watu wenye njaa ya hadithi. Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo, hivyo. Sasa fumbeni macho, hata wewe unayecheka huko nyuma. Oneni msitu. Msitu mnene, unaodondosha umande to, to, to. Juu kabisa mivule imeshikana vichwa. Chini yake mikuyu, chini ya mikuyu mikindu, na chini ya mikindu vijimea ambavyo hata jina havina. Katikati kuna kijia chembamba, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Wanawake wawili wanakuja na kuni kichwani. Mnawaona?

Aliye mbele, mfupi, mwenye mvi, ni Bibi Namkunda. Aliye nyuma, mrefu, ni Nakijwa, mke wa mwanawe. Walikuwako zamani za kale, kabla bibi wa bibi yenu hajaota jino.

Katika kijiji chao kulikuwa na desturi moja. Mwanamke akienda kuni, huchuma majani laini njiani na kuyasokota duara. Hiyo ndiyo ngata, inayokaa kichwani chini ya mzigo. Lakini ngata haikuingia kijijini. Ukifika njiapanda, unaitupa pembeni, pwaa! Walisema ngata imebeba uchovu, na uchovu haukaribishwi nyumbani. Kila siku, pwaa, pwaa, pwaa! Lundo la ngata pale njiapanda likawa kubwa kama kichuguu.

Nakijwa alikuwa na watoto wanne na shamba la maboga. Maboga ndiyo yaliyowavusha miezi ya njaa, mahindi yanapokwisha na mengine hayajakomaa. Alijua maboga yake kama alivyojua watoto wake, moja moja.

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na mkuu wake, Jumbe Mzirai. Hakuwa mtu mbaya, la. Alikuwa mtu safi. Safi kupita kiasi! Uwanja wake ulifagiliwa asubuhi na jioni. Shambani kwake hukuona jani moja la magugu. Kuku wake wenyewe walitembea kwa adabu.

Siku moja Jumbe alisimama kwenye ukingo wa msitu, akatikisa kichwa.

"Tazameni hii aibu," akasema. "Shamba langu nikilipalilia, mahindi yananenepa. Msitu huu haujapaliliwa tangu dunia iumbwe! Tukiung'oa uchafu, mivule itanenepa. Dawa zitajaa. Kuanzia kesho, tunaupalilia msitu."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wakulima, na mkulima akisikia neno palizi, mkono wenyewe unatafuta jembe.

"Tutajuaje kipi cha kung'oa?" mmoja akauliza.

"Bibi Namkunda anaijua mimea yote," akajibu Jumbe. "Atatembea mbele. Mmea wenye kazi, upite. Usio na kazi, ung'olewe."

Usiku ule Bibi Namkunda alimwambia, "Jumbe, msitu si shamba." Jumbe akacheka. "Bibi, kila kitu ni shamba, ila vingine vimepata wenyewe wavivu." Basi Bibi akaona heri atembee yeye mbele kuliko kutembea mtu asiyejua mvule wala mnavu.

Wakaanza. Bibi mbele, Jumbe nyuma yake, Nakijwa na kikapu, na nyuma yao wanaume ishirini na majembe. Majembe yakaimba: kwa! kwa! kwa!

"Huu una kazi gani?" akauliza Jumbe.

"Huo ni mvule. Milango yenu imetoka wapi?"

"Upite! Na huu?"

"Mkindu. Umelala juu ya mkeka wake jana."

"Upite! Na huu?"

"Kivumbasi. Unafukuza mbu."

"Upite! Na huu?"

"Mnavu. Ni mboga. Mkeo anaupika vizuri kuliko wengine wote."

"Upite, upite sana! Na huu? Aa! Aa! Unawasha! Unawasha!"

"Huo ni upupu, Jumbe. Kazi yake ndiyo hiyo unayoiona."

Watu wakacheka mpaka wakaketi chini. Jumbe akajikuna, kwaru, kwaru, kwaru. Hata upupu ukapita, maana Bibi alisema mbuzi haingii palipo na upupu.

Siku ya kwanza ikaisha. Ya pili. Ya tatu. Kwa siku sita Bibi Namkunda alitaja kazi za mimea, na majembe yalipata kazi kidogo tu. Wanaume wakaanza kupiga miayo. Nakijwa alitembea akitabasamu. Alijua mama mkwe wake anauokoa msitu, mmea baada ya mmea.

Siku ya saba wakafika mahali penye kijimea kifupi. Majani yake yalikuwa ya kijivujivu, laini kama sikio la mwana-kondoo. Kilikuwa kimejaa kila upande wa kijia, kila bonde, kila kivuli.

"Huu una kazi gani?"

Bibi Namkunda akainama. Akachuma jani, akalinusa. Akalionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Bibi? Una kazi gani?"

"Sijui."

"Jina lake?"

"Sikuambiwa. Mama yangu pia hakuambiwa."

Jumbe akakunjua uso kwa furaha. Hatimaye! "Ung'olewe!"

"Jumbe, nimesema sijui. Sikusema hauna kazi."

"Kwangu ni mamoja. Ung'olewe!"

Kwa! kwa! kwa! Majembe yaliyokuwa yamelala siku sita yakaamka. Waling'oa siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka hakikubaki kijimea hata kimoja. Wakakusanya, wakachoma. Kijia kikawa cheupe kama uwanja wa Jumbe.

Nakijwa alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Mama, kwa nini hukusema kinatibu kitu? Homa tu! Tumbo tu! Nani angejua?"

"Mwanao mdogo angejua," akasema Bibi Namkunda.

"Mwanangu?"

"Nikisema kinatibu homa, siku mwanao akipata homa utafanya nini?"

Nakijwa alijua angefanya nini. Angekichemsha. Angemnywesha mtoto. Na hakuna aliyejua kama kile kijimea ni dawa au ni sumu.

"Watu wananiamini mimi kwa sababu ya neno moja tu," Bibi akasema. "Si yale ninayoyajua. Ni lile ‘sijui' langu."

Basi kiangazi kikapita. Mvua za kupandia zikanyesha. Nakijwa akapanda maboga yake. Yakatambaa, yakatoa maua makubwa ya manjano. Nyuma ya maua yakatokea maboga madogo kama kidole gumba. Nakijwa akayahesabu kwa furaha.

Siku ya nne yakawa ya njano. Siku ya sita yakawa meusi. Siku ya saba yakaanguka, tapu, tapu, tapu.

Akachungulia kwa jirani, tapu. Kwa Jumbe mwenyewe, katika shamba lile safi, tapu, tapu, tapu. Kijiji kizima hakuna boga lililofika ukubwa wa ngumi. Na miezi ya njaa ilikuwa njiani. Nakijwa alitazama vibuyu vyake vya akiba, kisha akatazama watoto wanne.

Bibi Namkunda akaja shambani asubuhi, akaketi katikati ya maua. Jua likapanda. Hakuinuka.

"Mama, unangoja nini?"

"Namngoja mgeni."

"Mgeni gani?"

"Sikiliza."

Nakijwa akasikiliza. Upepo. Mtoto akilia mbali. Basi.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Huyo asiyesikika ndiye ninayemngoja. Nyuki wako wapi, Nakijwa?"

Nakijwa akageuka kutazama maua. Kweli! Kila mwaka shamba lake lilivuma vuuu, vuuu, mpaka watoto wakaogopa kuingia. Mwaka huu hakukuwa na vuuu hata moja. Wakaenda kugonga mizinga iliyotundikwa mitini. Ko, ko, ko. Mitupu.

Bibi Namkunda akaketi kwenye mzizi, akashika kichwa.

"Katika kiangazi, majani yote yanapochoka, nilikuwa napita kijiani nasikia vuuu chini miguuni. Nikadhani ni masikio ya uzee. Kumbe ni kile kijimea! Kinachanua viua vyeupe wakati hakuna mmea mwingine wenye ua. Ndicho kilichowalisha nyuki mpaka mvua. Tulipochoma chakula chao, wakahama."

Habari ikamfikia Jumbe Mzirai. Akaja mbio, bila hata kiatu kimoja.

"Shikamoo, Bibi. Nimefanya nini mimi?"

"Marahaba. Umefagia, Jumbe. Umefagia mno. Sasa njoo na wanaume wako ishirini."

"Tuchukue majembe?"

"Acha majembe. Mtakuwa nyuki."

Bibi akawaonyesha. Akachuma ua dume, lile lenye bua jembamba, akapangusa unga wake ndani ya ua jike, lile lenye kiboga mgongoni. "Hivi ndivyo nilivyomwona nyuki akifanya. Nendeni."

Mngemwona Jumbe! Mkubwa, tumbo mbele, ameinama katika maboga na ua mkononi.

"Jumbe, mbona huvumi?" wanawake wakamtania.

"Vuuu," akasema Jumbe kwa unyonge.

"Hatusikii!"

"VUUU!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Lakini jua lilipotua, wanaume ishirini walikuwa wamemaliza mashamba mawili tu. Migongo iliwauma, na asubuhi maua mengine yalikuwa yameshafunguka. Jumbe akajinyoosha, mgongo ukalia kwi, kwi, kwi, akasema, "Nyuki walikuwa wanatufanyia haya yote bila hata kikombe cha uji?"

Maboga machache yakashika. Machache tu, ya kugawana vipande. Mwaka ule wangeuvuka kwa shida. Je, mwaka wa pili? Bila kile kijimea, nyuki wasingerudi.

Wakakitafuta. Msitu mzima, siku saba, kila bonde. Jumbe alikuwa amefanya kazi nzuri mno. Hakuna. Bibi Namkunda akakaa mlangoni akiutazama msitu.

Kiangazi kikarudi. Siku moja Nakijwa alitoka kuni peke yake. Ngata yake ilimuumiza. Tangu msitu upaliliwe, vichwa viliwauma wanawake wote, kwa kuwa majani yaliyobaki karibu na njia yalikuwa makavu na ya kukwaruza. Akafika njiapanda, akatua mzigo. Akaichukua ile ngata mbaya, akaitupa kwa hasira juu ya lundo. Pwaa!

Vuuu!

Nakijwa akaganda.

Nyuki mmoja akapaa kutoka kwenye lundo, akazunguka, akashuka tena upande wa nyuma. Nakijwa akalizunguka lundo polepole, pumzi ameishika. Na pale, katika ngata kuukuu zilizooza, pamechipua majani ya kijivujivu, laini kama sikio la mwana-kondoo. Na viua vyeupe, vidogo kama punje za mchele.

Ndiyo, wanangu! Ngata laini walizosokota miaka yote, walizisokota kwa majani gani? Yaleyale! Walikuwa wameubeba mmea ule vichwani kila siku, hakuna aliyeutazama. Mbegu zake zilijificha katika ngata, zikangoja.

Nakijwa aliziacha kuni palepale, akapiga mbio.

"Mama! Mama! Kipo! Uchovu wetu umeota!"

Bibi Namkunda akaja na mkongojo wake. Akapiga magoti mbele ya lile lundo, mzee yule, kama anayemsalimia mkubwa wake. Akakigusa kile kijimea.

"Samahani," akakiambia. "Tulikuuliza kazi yako, hatukusubiri jibu."

Hawakukichuma mpaka mbegu zake zilipokomaa. Kisha kila nyumba ikapewa mbegu, na mvua zilipoanza Jumbe Mzirai akatangulia na jembe lake, kwa, kwa, kwa, safari hii akipanda. Mwaka ule nyuki walirudi wachache. Mwaka uliofuata shamba la Nakijwa lilivuma vuuu mpaka watoto wakaogopa kuingia, naye akasimama kwenye mpaka wa shamba akisikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma ya harusi. Boga la kwanza alilipeleka kwa Jumbe. Jumbe akalipokea kwa mikono miwili, na watu wanasema macho yake hayakuwa makavu.

Tangu hapo, kila mwaka, Jumbe na Bibi Namkunda walitembea msituni pamoja. Bibi alikuwa amezeeka sana. Nakijwa alimshika mkono wa kulia, Jumbe wa kushoto.

"Huu una kazi gani?" aliuliza Jumbe.

"Mkuyu. Unatuwekea maji."

"Upite. Na huu?"

Bibi aliinama, akanusa, akatabasamu.

"Sijui."

Jumbe Mzirai akasogea pembeni, akakunja shuka lake lisiguse majani.

"Upite," akasema. "Upite kwanza."

Wanangu, mzigo wa hadithi yangu nautua hapa, na ngata yake naitupa njiapanda. Mafunzo mtayaokota wenyewe, maana mna akili. Mimi nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu. Kesho mkipita njiani, mkaona kijimea msichokijua kazi yake, msikione aibu kusema "sijui". Semeni, kisha kizungukeni taratibu, mkipishe.